Jedwali la Ukurasa wa 62

Mwaka 1993 nilikuwa macho ya mtu. Ndivyo tulivyosema bwenini siku zile: fulani ni macho ya fulani. Mwenzangu wa chumba alikuwa haoni tangu utotoni, na chuo kilichompokea hakikuwa na kitabu hata kimoja cha nukta nundu katika masomo yake. Kilichokuwapo ni marafiki. Baada ya chakula cha jioni nilikaa kitandani nikisoma kwa sauti, naye mezani akipiga mashine yake ya nukta nundu ya Perkins, chuma cha karibu kilo 5, vitufe sita na kimoja cha nafasi. Mstari ulipokaribia kwisha kengele ililia, ting, nami nikanyamaza kidogo mpaka arudishe kichwa cha mashine mwanzo. Ukurasa mmoja wa kitabu ulimzalia kurasa mbili, hata tatu, za karatasi nene. Mitihani ilipokaribia, rundo lake chini ya kitanda lilikuwa halina pa kukaa tena.

Hakuna aliyenilipa, wala sikutaka kulipwa. Lakini hisani hutegemea mtu kaamkaje. Usiku mmoja nilikuwa hoi, kesho yake nina testi yangu, tukafika ukurasa wa 62 wa kitabu cha uchumi wa kilimo. Jedwali la bei za korosho, safu saba, tarakimu tupu. Nikaliruka. Nikaruka na mawili yaliyofuata. Sauti yangu haikubadilika, na kengele ikalia kama kawaida.

Swali la pili la mtihani lilitoka palepale. Tulipotoka ukumbini akaniuliza, "Ndugu yangu, ile sura ya nne tuliimaliza yote?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nitakuwa nimesahau mimi," akasema, fimbo yake ikatangulia kushuka ngazi.

Alifaulu, kwa alama zilizo chini ya akili yake. Alifariki mwaka 2011, sijamwambia.

Mengi yamebadilika tangu hapo, na nayafurahia kwa dhati. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Tumejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti bila kumsubiri mwenye hakimiliki akubali. Na ipo NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta. Aliianzisha kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, mwaka 2006, kisha akaungana na mwenzake asiyeona, James Teh, na haiuzwi. Mwanafunzi anaipakua bure. Ingekuwapo enzi zetu, na kitabu kikiwa ndani ya kompyuta, mwenzangu angeusoma ukurasa wa 62 mwenyewe, saa nane za usiku, bila kumwamsha mtu. Naamini kuomba ndiko kulikomchosha kuliko giza lenyewe: kila jioni, "Ndugu yangu, una nafasi?"

Sasa nafundisha. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja asiyeona aligonga mlango wa ofisi yangu, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, mwalimu. Zile notsi ulizotuma kwenye grupu, mashine inaniambia kurasa ni tupu."

Akaifungua nisikie. Ilitaja namba ya ukurasa, ikanyamaza. Ikataja inayofuata, ikanyamaza. Nilikuwa nimepiga picha kurasa za kitabu kwa simu nikazituma kwa darasa zima, na siku ile sauti ya programu yake haikupata herufi hata moja ndani ya picha zangu. Wenzake walikuwa wamekwisha kuzisoma wiki nzima. Miaka 30 imepita, na nilikuwa nimeruka tena, safari hii kitabu kizima.

Nilimwahidi kuzichapa upya, na nimezichapa. Lakini testi ilikuwa keshokutwa, kwa hiyo nilimwomba avute kiti, nikaanza kumsomea, naye akiandika. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye takwimu za mazao.

"Hilo jedwali unaweza kuliacha, mwalimu," akasema kwa upole. "Najua ni refu."

Nikaanza safu ya kwanza.