Mpira wa Pikipiki na Kazi ya Mikono Nyumbani

Katika mji wetu wa Goma pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo impelekayo mama mwenye uchungu hospitalini, ndiyo ibebayo gunia la makala kutoka sokoni, na katika nyumba nyingi ndiyo ilipayo karo ya watoto. Tena njia zetu ni ngumu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake hata katikati ya mji. Moto ule ulipopoa uligeuka kuwa mawe meusi yenye makali kama vipande vya chupa. Juu ya mawe hayo twajenga, juu yake twatembea, na juu yake mipira ya pikipiki yachakaa upesi.

Nyumbani kwetu kuna pikipiki mbili, nazo zalisha watu tisa. Kwa miaka mingi tulipeleka magurudumu kwa mafundi wa kando ya njia. Wengi wao ni watu hodari, nasi twawaheshimu. Lakini siku moja fundi mmoja alifanya kazi kwa haraka, akitumia bisibisi na nyundo, akaubana mpira wa ndani kati ya rimu na ukingo wa mpira wa nje. Siku ya pili yake mpira ule ulipasuka kwenye mteremko, na mdogo wetu alikuwa amempakia mama mmoja na mtoto wake. Mtoto hakupatwa na neno. Mama alivunjika mkono. Ilitupasa kumtunza miezi miwili, yeye na jamaa yake, kwa fedha tulizoweka akiba ya masomo. Hapo tukakata shauri: gurudumu litakalobeba roho ya mtu litafungwa na mikono yetu wenyewe, polepole, pasipo kukimbizana na saa.

Mchomeleaji wa mtaa wetu alitutengenezea chombo cha kubadilishia mipira kwa mabomba ya chuma ya zamani. Si mashine ya umeme. Ni nguzo fupi iliyofungwa kwa boliti katika sakafu ya saruji, yenye mikono mitatu juu yake ya kushika rimu isizunguke. Kando yake pana wayo wa chuma wenye mpini mrefu, wa kukandamiza ukingo wa mpira uachane na rimu. Mwisho, kuna wenzo mrefu wenye ncha laini, wa kuuzungusha ukingo nje na ndani. Kwa chombo hicho hata kijana mwembamba aweza kufanya kazi iliyotaka zamani wanaume wawili na matusi mengi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza twafungua vali na kutoa kiini chake, upepo utoke wote. Kisha twaukandamiza ukingo kwa ule wayo, upande huu na upande huu, tukiangalia sana tusipinde diski ya breki wala meno ya mnyororo. Halafu twapaka ukingo maji ya sabuni. Watu wengine hutumia mafuta ya injini. Hiyo si desturi njema, maana mafuta hayo huila raba na kuuacha mpira uteleze juu ya rimu.

Sasa yafaa kueleza siri ambayo wengi hawaijui. Ukingo wa mpira una nyaya za chuma ndani yake, hivyo haunyooki hata ukiuvuta kwa nguvu za ng'ombe. Lakini katikati ya rimu pana bonde. Ukiusukuma ukingo wa upande mmoja uingie katika bonde hilo, upande wa pili hupata nafasi, nao hutoka kwa mkono mwepesi. Mtu akiona anahitaji nguvu nyingi, ajue ya kuwa ukingo umetoka bondeni. Asimame, aurudishe, aanze tena. Hapo ndipo nyundo na bisibisi huleta hasara: atumiaye nguvu mahali pa akili hutoboa mpira mpya kabla haujaona njia.

Mpira ukiisha kutoka, hatuna haraka ya kuvika mwingine. Twapitisha kitambaa ndani ya mpira wa nje, kwa maana msumari uliotoboa mara nyingi ungali umejificha humo, na kitambaa hunaswa nao kabla ya kidole. Twatazama utepe wa raba ufunikao ncha za spoki. Ukichanika, ncha hizo zitautoboa mpira wa ndani. Twasoma pia ubavuni mwa mpira mpya. Mshale huonyesha upande wa kuzunguka. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira waweza kung'aa dukani, kumbe umezeeka.

Mpira wa ndani hutiwa upepo kidogo tu, upate umbo lake usikunjamane. Kuvika huanzia upande ulio mbali na vali na kumalizikia penye vali, kusudi ukingo wa mbali uweze kukaa bondeni mpaka mwisho. Kisha twajaza upepo, twautoa, twajaza tena, ili mpira wa ndani ujinyoshe. Mstari ulio karibu na rimu ukionekana sawa pande zote, mpira umekaa. Hatuvuki kamwe kipimo kilichoandikwa ubavuni, wala hatuweki uso juu ya gurudumu linapojazwa.

Vijana wetu wapendao kusoma waliuliza: nani alianza mambo haya? Mwaka 1888 Mskoti John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya mpira uliojazwa upepo. Mwaka 1891 ndugu wawili Michelin wa Ufaransa walileta mpira wa baiskeli uwezao kuvuliwa na kuvikwa tena. Kabla ya hapo uligandishwa kwa gundi, na kuutengeneza kulichukua saa nyingi. Lakini hatukuweza kuwaficha watoto nusu ya pili ya habari. Ulimwengu ulipotaka mipira, ni wazee wetu wa Congo waliolipa bei. Nchi hii ilikuwa milki ya mfalme Leopold II tangu 1885 hata 1908, na watu walilazimishwa kuingia misituni kugema utomvu wa mitambaazi. Wengine waliuawa, wengine walikatwa mikono, na vijiji vilichomwa. Tangu siku hiyo watoto wetu hawautupi mpira ovyo. Uliochakaa hukatwa viatu, au vipande vyake hupigiliwa katika magurudumu ya chukudu, lile gari la mti libebalo mizigo ya Goma.

Je, faida ni fedha tu? Fedha zipo, nasi twazihesabu: ujira wa fundi hubaki nyumbani, na mipira ya ndani hudumu zaidi kwa kuwa haibanwi. Lakini faida kubwa ni nyingine. Mdogo wetu sasa hukagua magurudumu kila asubuhi kabla ya kumpakia mtu, kwa sababu ajua kilichomo ndani. Binti yetu wa miaka kumi na mitano amejifunza kazi yote, na jirani waliomcheka mwanzoni sasa humletea magurudumu yao. Yeye huwaambia kwanza: ketini, kazi hii haikimbizwi.

Basi, ndugu msomaji, kama huna chombo, shirikianeni watu watano wa mtaa mmoja mkamwite mchomeleaji. Kama hata hilo halikuwezekani, simama karibu na fundi wako afanyapo kazi, umwombe kwa heshima atumie sabuni na kulitafuta bonde la rimu. Abiria anayepanda nyuma yako hauoni mpira wa ndani. Amekuachia wewe kuuona kwa niaba yake.