Neno Moja, Maana Tatu

Tulipoanza kujifunza Kihispania, mwalimu alituandikia ubaoni neno esperar, na mbele yake maana tatu: kungoja, kutumaini, kutarajia. Tulizikariri zote. Juma lile lile tukatakiwa kufasiri sentensi Espero que venga mi hermano. Tukaandika kwamba msemaji anamngoja kaka yake. Kumbe hangoji, anatumaini tu kwamba kaka atakuja. Darasa likacheka, nasi hatukunyosha mkono tena kwa majuma mawili.

Kilichotuokoa si orodha ndefu zaidi, bali sentensi mbili zilizowekwa pamoja. Espero que venga: natumaini atakuja. Espero a que venga: nangoja mpaka aje. Herufi moja tu hutenganisha kutumaini na kungoja! Espero el autobús ni kungoja basi. Lakini kikifuata kitenzi-jina, kama katika espero verte, ni kutumaini kukuona. Na mwanamke asemapo espero un niño, hangoji mtu kituoni: ni mjamzito.

Tangu hapo, tufundishapo neno kupiga kwa watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, hatupangi maana zake ubaoni. Huanza na kupiga ngoma, tena ngoma yenyewe iwepo darasani, tukakaa nayo siku mbili. Ndipo ije kupiga pasi, na kupiga picha baadaye sana. Mtoto mmoja alituuliza kama pasi nayo hulia. Tulimwomba arudie swali lake ili darasa zima lisikie.