Diski Mbili Hazitoshi



Mmoja wenu ameniuliza diski ipi ifaayo kwa sanduku la kuhifadhia sauti za wazee, litakalofikiwa na simu zote za nyumbani. Namjibu kwa habari ya hapa kwetu.

Mwaka 1871, David Livingstone alipokuwa Nyangwe, karatasi na wino vilimwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Tarehe 15 Julai aliona watu wa soko letu, wengi wao akina mama, wakiuawa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara ya watumwa. Wino ule ulififia hata usisomeke. Habari haikupotea, kwa kuwa aliinakili katika daftari lingine lililofika Uingereza. Lakini mwaka 2011 wataalamu walipolifanya gazeti lisomeke tena kwa mianga ya rangi mbalimbali, ilionekana kwamba nakala ilitofautiana na andiko la kwanza.

Basi mimi ningechagua hivi: diski iliyoundwa kufanya kazi usiku na mchana, si ile inayopandanisha mistari yake ya kumbukumbu, maana huwa nzito katika kuandika. Ziwe mbili, moja ikifa nyingine ishike. Hata hivyo radi yaweza kuua zote mbili, na sauti ukiifuta katika moja hufutika katika zote. Kwa hiyo ya tatu ikae katika nyumba nyingine.

Na sauti ya kwanza, kabla ya kukatwa na kusafishwa, ihifadhiwe pia. Wazee wetu hawatasimulia mara mbili.