Saratani ya zamani haifichwi kwa daktari wa mifupa

Kwa miaka 6 neno saratani halikutamkwa ndani ya nyumba hiyo. Mama alitibiwa titi, akapata nafuu, na watoto wakakubaliana kwamba yamekwisha. Kuyataja ni kuita mkosi. Nyonga yake ilipolika hata akashindwa kupanda daladala, na daktari wa mifupa akashauri abadilishiwe, fomu iliyouliza magonjwa ya nyuma ilijazwa neno moja tu: presha.

Aliyevunja ukimya ni mama mwenyewe. Mbele ya daktari wa usingizi alitoa mkobani vidonge vya tamoksifeni. "Na hivi, mwanangu, niendelee navyo?"

Daktari hakumkemea mtu. Aliahirisha upasuaji hadi azungumze na daktari wa saratani, kisha akawaeleza watoto sababu. Damu huganda mshipani inapokwenda polepole, mshipa unapojeruhiwa, au damu yenyewe inapokuwa rahisi kuganda. Upasuaji wa nyonga huleta hayo mawili ya kwanza. Saratani, na baadhi ya dawa zake kama vile vidonge vile, huongeza la tatu. Bonge likikatika mguuni huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua ghafla.

Si jambo jipya. Daktari Armand Trousseau wa Paris alieleza uhusiano wa saratani na kuganda kwa damu katika miaka ya 1860. Baadaye damu iliganda katika mshipa wake mwenyewe, akatambua kwamba ana saratani. Alifariki mwaka 1867.

Mama alifanyiwa upasuaji wiki chache baadaye. Kesho yake alisimamishwa, akatembezwa kwa fremu. Alirudi nyumbani na sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, moja kila siku, mpaka zitimie siku 35.

Siku ya 12 mtoto wa kiume alitaka ziachwe, maana fedha zilikuwa zinaisha na mama alikuwa anatembea. Nesi aliyekuja kumchoma alimjibu, "Kaka, kidonda kufunga si damu kutulia. Wengi hupatwa na mabonge wakiwa wamesharudi nyumbani." Watoto wakachangishana, sindano zikaendelea hadi ya mwisho.

Nesi aliwaachia pia dalili za kuangalia: mguu mmoja kuvimba, shavu la mguu kuuma au kuwa la moto, pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma, kukohoa damu. Ikitokea mojawapo, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mguu uliovimba usikandwe.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyumba yenye mzee anayekwenda kubadilishiwa nyonga na imwambie daktari kila ugonjwa aliowahi kuugua, hata uliopona zamani, na ibebe dawa zake zote siku ya kumwona.