Kashebere na Chungu cha Mwanachuo

Msafiri atokaye Goma kwenda Walikale kwa njia ya Masisi huliacha ziwa la Kivu pale Sake, akapanda milima mpaka Mushaki, akapita katikati ya malisho ya ng'ombe, akafika Masisi penyewe baada ya kilomita zipatazo 80. Toka hapo njia yaelekea Nyabiondo, na mbele yake ndiyo Kashebere. Nchi hii ina mvua nyingi. Matope yake huwafundisha madereva uvumilivu, na mwenye haraka mara nyingi hufika nyuma ya yule aliyekwenda kwa miguu.

Kashebere ni mahali pa mpaka. Sehemu yake imo katika wilaya ya Masisi na sehemu imo katika wilaya ya Walikale, na hapo Wahunde na Wanyanga huishi kwa ujirani. Lakini kuna mpaka mwingine usioandikwa katika ramani za serikali. Ukitazama upande wa Masisi, waona vilima vilivyonyolewa: majani, mashamba ya maharagwe na mihogo, na miti michache iliyobaki mabondeni. Ukitazama upande wa Walikale, waanza kuona msitu mkubwa wa Kongo, ule unaokwenda magharibi kufuata mito ya Oso na Lowa hata kufika Lualaba. Vilima vya Masisi navyo vilikuwa na msitu. Shoka, moto na ng'ombe viliuondoa, tangu siku za walowezi wa kizungu hata siku zetu. Kwa hiyo atakaye kujua Walikale itakuwaje kesho, na asimame Kashebere akatazame nyuma.

Wasomaji wapenzi watauliza: Chuo kikuu chahusianaje na kijiji cha mpakani? Chahusiana sana. Siku hizi vyuo vikuu vya dunia vinajipima ni hewa ukaa kiasi gani vinaitoa, kwa kuwa hewa hiyo, ikizidi angani, huifunika dunia kama blanketi na kuizidisha joto. Vyuo vya Ulaya hupata hesabu yake katika kupasha majumba moto wakati wa baridi, katika umeme na katika safari za ndege za walimu wao. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, na walimu wetu hawapandi ndege mara nyingi. Basi wengi hudhani kwamba vyuo vyetu havina cha kupunguza. Hapo ndipo kosa. Katika Kongo sehemu kubwa ya hewa ukaa hutoka katika miti inayokatwa na kuchomwa. Moshi wa chuo kikuu cha Goma au Bukavu hauonekani langoni pake. Tutauona mahali mti ulipoangukia.

Tufanye hesabu ya darasani. Vyuo vyetu vingi havina jiko la kuwalisha wanafunzi wote. Kijana hupanga chumba mtaani, naye hupika juu ya mbabula kwa makaa, ambayo sisi wa Kivu twayaita makala. Tuseme anateketeza kilo 1 kwa siku, kwa siku 270 za mwaka wa masomo: hizo ni kilo 270. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa, maana kila kilo 12 za kaboni hujiunga na hewa na kuwa kilo 44. Tena, katika tanuru ya udongo ya desturi, kilo moja ya makaa hutaka kilo 5 hadi 10 za kuni. Wanafunzi 1,000 wa namna hiyo watakula tani 270 za makaa, nazo zimetoka katika tani 1,350 za kuni kwa uchache. Ongeza jenereta: kila lita ya mazuti hutoa zaidi ya kilo 2 na nusu za hewa ukaa. Ongeza na mbao za madawati na za majengo, kwani mbao za Walikale hushuka mpaka Goma.

Yafaa basi chuo kianze na chungu. Mbabula iliyotengenezwa vema, yenye udongo wa kufinyanga ndani yake, yaweza kuokoa theluthi ya makaa au zaidi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, na chungu kilichofunikwa, huiva mapema. Akina mama wanalijua jambo hili kuliko maprofesa. Na wanafunzi kumi wakipika pamoja katika sufuria moja hawatumii moto wa mbabula kumi. Chuo kikijenga jiko moja kubwa lenye bomba la moshi, kikawauzia wanafunzi chakula kwa bei nafuu, kitapunguza zaidi ya vile kingepunguza kwa mikutano mingi.

La pili ni umeme. Nchi yetu ina maji yenye nguvu. Katika wilaya ya Rutshuru mtambo wa Matebe, wenye uwezo wa megawati 13.8, ulizinduliwa mwezi wa Desemba 2015, na baadaye umeme wake ukafika Goma. Mahali nyaya zifikapo, jenereta na ipumzike. Mahali zisipofika, jua lipo. Huko Nairobi Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka juu ya mapaa yake, mwaka 2014, mabamba ya umeme wa jua yenye uwezo wa kilovati 600, kikapata hata umeme wa kuuza kwa kampuni ya umeme ya Kenya. Chuo kidogo cha kwetu hakihitaji kufika huko. Mabamba machache yatosha taa za maktaba na mashine za kuandikia.

La tatu ni miti. Tangu mwaka 2007 shirika la WWF, kwa mpango uitwao EcoMakala, limewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya kuni, ili makaa yatoke shambani badala ya kutoka katika mbuga ya Virunga. Mti wa shamba ukikatwa na kupandwa tena, huirudisha ile hewa uliyoitoa. Mti wa msitu wa kale ulikua kwa muda wa vizazi, na anayeukata leo hatauona mwingine kama huo. Chuo chenye kitivo cha kilimo kiwe na shamba lake la miti, nacho kiwafundishe wachomaji tanuru zilizo bora.

Lakini sasa tumefika penye ugumu. Ni nani anayeukata mti? Katika nchi hizi si wachache wanaopasua mbao au kuchoma makaa ili kupata karo ya mtoto aliye chuoni. Chuo hula msitu mara mbili: kwanza kwa chungu cha mwanafunzi, tena kwa karo ya babaye. Profesa akimwambia mzazi huyo aache shoka, bila kumpa njia nyingine, amemwambia amwondoe mtoto shuleni. Hakuna mzazi atakayemsikiliza, nasi hatumlaumu.

Kwa hiyo twaona kwamba kazi kubwa ya chuo ni kumrudishia kijiji faida ya msitu uliosimama. Mfano haupo mbali. Huko Lubero wenyeji walitenga msitu wa sokwe wa Tayna mwaka 1998, serikali ikautambua kuwa hifadhi mwaka 2006, na karibu yake, pale Kasugho, pakaanzishwa chuo cha elimu ya viumbe na hifadhi, ambacho kimekuwa chuo kikuu. Watu waliacha kukata, wakapewa elimu. Tena amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 yaziruhusu jamii za vijijini kupewa msitu wao wenyewe, hadi hekta 50,000, kwa sheria. Lakini hati hiyo yataka ramani, hesabu ya miti na maandishi mengi. Nani atayafanya, isipokuwa vijana waliosoma? Mwanafunzi aliyezaliwa Kashebere aweza kuiandika kazi yake ya mwisho wa masomo juu ya msitu wa baba zake, na chuo kiweza kumpunguzia karo kwa kazi hiyo.

Wengine watasema: Hizi ni ndoto, watu wako vitani. Ni kweli. Mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa Machi vita vikafika Walikale mjini. Maelfu walikimbia na vyungu vyao kichwani. Lakini vita havizimi moto wa jikoni. Wakimbizi wapikao porini hukata mti ulio karibu, na watakaporudi watahitaji chemchemi, udongo na kuni, navyo vyote hutoka katika msitu.

Basi wazazi, mtoto akirudi likizo msimwulize alama zake tu. Mwulizeni: Chuo chenu chapika kwa nini, chawasha taa kwa nini, na mbao za madawati zatoka wapi? Asipojua, akawaulize walimu wake. Nao wanachuo wasingoje wakubwa waamuru. Wakutane kumi kumi, wanunue mbabula moja njema, waloweke maharagwe jioni, na akiba ya makaa waihesabu kila mwezi. Vilima vya Masisi viliachwa uchi kidogo kidogo, mti kwa mti. Na msitu wa Walikale nao utahifadhiwa kidogo kidogo, chungu kwa chungu.