Mabenchi Mawili Nyuma ya Sakristia

Vijana wapendwa, mara nyingi mmetuuliza kwa nini siku ya Alhamisi twafunga daftari la mafundisho kabla maswali yenu hayajaisha, tukaondoka jua likitua. Swali hilo tumelikwepa kwa miaka. Leo tunalijibu.

Sisi, katekista wenu, tulikuwa mlevi. Hatusemi kwamba tulipenda kinywaji kidogo, kama wasemavyo watu wa heshima. Lutuku mwaijua: mahindi na mihogo iliyochachuka, pipa juu ya moto, bomba lipitalo katika maji baridi, na bei iliyo chini ya ile ya bia. Hatuwalaani mama wanaoipika. Masomo yetu ya ualimu yalilipwa kwa pesa hiyo hiyo, na mama yetu aliyeipika hakuionja hata tone.

Jumapili moja padri alikuwa safarini vijijini, nasi tukaachiwa kuongoza ibada. Tulisoma Injili ya Jumapili nyingine, kisha tukaanza kuifafanua ile isiyosomwa. Hakuna aliyetukemea. Watu walitazama miguu yao tu, na mke wetu akainuka kimya akawatoa watoto nje.

Padri aliporudi tuliungama. Alitupa maondoleo, kisha akasema: "Mwalimu, sasa tafuta mtu anayekunywa kama wewe na anayetaka kuacha." Tuliona ni ushauri wa ajabu. Akatuazima kijitabu cha Kifaransa cha chama cha Alcooliques Anonymes, yaani walevi wasiotajwa majina. Humo tulisoma habari za Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache. Mwaka 1935 alijikuta katika hoteli mjini Akron, Marekani, biashara yake imevunjika, na kelele za baa zikimwita. Badala ya kuingia alishika simu, akawatafuta wachungaji wa makanisa ili wamwonyeshe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alipelekwa kwa daktari mmoja mpasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa robo saa tu. Walizungumza zaidi ya saa sita. Chama huadhimisha kuzaliwa kwake tarehe 10 Juni ya mwaka ule, siku daktari yule alipokunywa kwa mara ya mwisho. Kilichotugusa ni hiki: Wilson hakwenda kumwokoa daktari. Alikwenda ili yeye mwenyewe asinywe usiku ule.

Basi tukaanza kutafuta. Kamina ni njia panda ya reli. Tulidhani habari itafika pamoja na gari la moshi kutoka Lubumbashi. Haikufika. Katika zahanati moja tulipewa vidonge vya vitamini na maneno ya kutia aibu. (Hata hivyo msimzuie mtu kwenda kwa daktari. Mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa.) Mwishowe tulimpata tuliyemtafuta karibu kabisa na nyumbani: fundi wa reli aliyekuwa ameondolewa katika kwaya. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe, mchana kweupe.

"Mwalimu, umekuja kunihubiria?"

"Hapana, Papa. Nimekuja kwa sababu mimi pia nimeshindwa."

Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akasogea kidogo ili tuketi.

Mikutano ya kwanza ilikuwa ya watu wawili. Baadaye wakaja wengine, mmoja wao Mmethodisti, mmoja mama aliyekuwa akipika na kunywa alichokipika. Desturi zetu ni chache: kila mmoja asema habari zake mwenyewe, hakuna anayemkatiza, na lililosemwa pale halitoki pale. Hatuahidi mwaka mzima; twaahidi leo.

Kwetu sisi, lililokuwa gumu kuliko kiu ni kunyamaza. Mwalimu amefunzwa kuuliza swali ambalo jibu lake analijua. Majuma ya kwanza tuliwasahihisha wenzetu, tukawapa mifano kutoka Maandiko, hata Kifaransa chao tukakinyosha. Jioni moja yule fundi akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa hakuna mwanafunzi." Tulikasirika. Alhamisi iliyofuata hatukwenda, na Jumamosi tulikunywa, baada ya miezi saba ya kutokunywa.

Kurudi kulikuwa safari ya hatua mia mbili, nayo ilituchukua majuma matatu. Tulipofika tulikuwa tumeandaa maelezo marefu. Hakuna aliyeyaomba. Fundi alisogea kidogo, kama alivyosogea chini ya mwembe, tukaketi.

Yeye sasa hayupo. Ini lilikuwa limekwisha kuharibika kabla hajaacha, naye aliishi miaka minne bila lutuku. Wanawe wanasema ndiyo miaka waliyomjua baba yao.

Mwezi uliopita alikuja mmoja wenu. Hatutasema ni nani, wala msijaribu kukisia. Alisimama mlangoni hadi tulipomaliza, hakuingia.

Mabenchi ni mawili, nyuma ya sakristia, kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Taa ni ya betri, na haiangazi mbali. Anayeogopa kuonekana apite njia ya kisima. Akikutana na mtu akamwuliza aendako, na aseme anamtafuta mwalimu, kwani si uongo.