Shahidi Mmoja Yatosha



Ndugu zangu wapendwa katika Bwana, tangu mwaka 2020 mtumiaji wa WhatsApp anaweza kupanga ujumbe wake ujifute wenyewe. Mwanzoni muda uliowekwa ulikuwa siku saba. Neno la ahadi au la kuombana radhi leo limo kiganjani, juma lijalo halipo. Hata lile tusilolifuta hupotea siku simu inapotumbukia majini pale Kibirizi. Je, Mkristo anayekiri uzima wa milele aishije katika zama za maneno yasiyodumu?

Sisi wakazi wa mwambao wa Tanganyika tunalo la kutafakari. Mwaka 1871, kabla ya kurejea Ujiji ambako Stanley alimkuta, David Livingstone alikuwa Nyangwe, upande wa Kongo, ameishiwa karatasi na wino. Aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko. Humo alieleza mauaji ya mamia ya watu, wengi wao wanawake, sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai. Wino ule ulififia hata usisomeke. Mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoyatoa hadharani maandishi yale, baada ya kuyapiga picha kwa miale ya rangi mbalimbali. Lakini habari ya marehemu wale haikungoja wino. Aliyeona hakunyamaza: aliisimulia tena katika barua zilizofika Uingereza, nayo ikachangia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Kanisa nalo halidharau maandishi. Wamisionari wa Afrika waliofika Ujiji Januari 1879 walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Lavigerie, la kuandika shajara ya kila kituo. Na kila parokia hutunza daftari la Ubatizo: jina, tarehe, wazazi, wasimamizi, pembeni huongezwa Kipaimara na Ndoa.

Hata hivyo, daftari nalo huungua. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyevuka ziwa akikimbia vita. Alitaka kufunga ndoa, lakini hakuwa na cheti, na kanisa alimobatizwa lilikuwa limechomwa moto. Aliniuliza, "Padre, kama daftari limeungua, mimi ni nani?" Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa yasema kwamba, ikiwa hakuna anayedhurika, tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka latosha kuthibitisha Ubatizo. Tukamtafuta. Akapatikana bibi kizee wa kijiji chao, naye akasema tu, "Mimi ndiye niliyembeba siku ile." Nikaandika, na ndoa ikafungwa.

Ndugu zangu, hata kama bibi yule asingepatikana, Mungu asingemsahau binti yake. Ubatizo hutia rohoni alama isiyofutika. Ndiyo maana hautolewi mara ya pili. Karatasi ni kumbukumbu yetu sisi, wala si kumbukumbu ya Mungu.

Lakini tusidhani kwamba kila kinachofutika ni hasara. Yapo ambayo Mungu mwenyewe apenda yatoweke. Injili ya Yohane, sura ya 8, yatuonyesha Yesu akiandika chini kwa kidole mbele ya mwanamke aliyeshtakiwa. Maandishi yale hakuna aliyeyahifadhi, na mwanamke akaenda zake huru. Ndivyo ilivyo kitubioni: dhambi hazina daftari, na padre haruhusiwi kuzitoa nje kwa sababu yoyote ile. Sisi mara nyingi twafanya kinyume. Neno la upendo twaliacha lipotee. Aibu ya jirani twaipiga picha, twaitunza na kuisambaza.

Basi, juma hili nawaalikeni kwa mambo mawili. Kwanza, fungueni simu zenu, mkafute kile kinachomwaibisha mwenzenu, wala msingoje kijifute chenyewe. Pili, waketisheni watoto wenu, mwaambie kwa vinywa vyenu siku waliyobatizwa, parokia ilikuwa ipi, na ni nani aliyewabeba. Huenda siku moja makaratasi yote yakakosekana, na shahidi yule mmoja aliyebaki ukawa wewe.

Nawatakieni Jumapili njema. Bwana awabariki.